Salomon Lukumani, mwanaume aliyepika

Ndugu, majirani na marafiki mliofika kutoka Lusangi na Kabambare, mimi ni Apolline, dada mkubwa wa marehemu, familia imenipa karatasi hii, nami naomba mniache niisome mpaka mwisho.

Salomon Lukumani alizaliwa Lusangi tarehe 14 Mei 1987, mtoto wa nne na mwanaume pekee wa baba Michel na mama Émérance, kwa hiyo sisi dada zake watatu tulimbeba, tukamwosha, tukampakulia, naye akakua bila kujua hata sufuria inapandishwaje motoni. Alisoma shule ya msingi Lusangi na sekondari hapa Kasongo, akapata diploma ya serikali Julai 2006, na Septemba 2008 akaenda Algeria kusomea kilimo.

Huko, alitusimulia mwenyewe akicheka, mwezi mzima aliishi kwa mkate na chai akingoja mtu ampikie, mpaka Souleymane, kijana wa Mali aliyelala naye chumba kimoja, alipomwambia kwamba yeye pia dada zake amewaacha nyumbani, akampa kisu na vitunguu. Miaka mitano ya baridi na lugha ngeni ilimfundisha udongo na mpunga, ikamfundisha pia kufua, kuuliza asichokijua, na kuomba msamaha. Alirudi Julai 2013.

Januari 2014 alianza kazi Kabambare, akiwazungukia wakulima wa mpunga kwa pikipiki, na tarehe 8 Agosti 2015 alimwoa Estelle hapa Kasongo, wakamzaa Michel mwaka 2017 na Pacifique mwaka 2020. Michel alipozaliwa, nilikwenda kumpongeza mama mtoto, nikamkuta ndugu yangu ameinama motoni, anapika mboga ya sombe. Nilikasirika sana, nikaita kikao cha familia, nikasimama katika kiwanja hiki hiki nikasema juu ya Estelle: «Huyu bibi amemupa ndugu yetu dawa, mwanaume muzima hawezi kupika hivi.» Maneno yakafika hadi Nyangwe, na kwa miaka saba sikula nyumbani mwao.

Figo zilianza kumsumbua 2023, akalazwa hapa Kasongo Novemba 2024. Nilimwomba msamaha kitandani, akanijibu: «Yaya, dada yangu, mimi nilishakusamehe, lakini haukusema mimi, ulisema Estelle, na ulimusema mbele ya watu.» Alifariki asubuhi ya tarehe 19 Januari 2025.

Tangu jana nasikia wengine wananong'ona kwamba dawa ile ndiyo imemuua. Dawa haikuwepo. Daktari ametueleza kuwa ni figo, na kupika Salomon alijifunza Algeria, kabla hajamjua Estelle. Aliyesema uongo ni mimi, nikiwa na wivu, na leo naona haya. Estelle, nyumba ile ni yako na ya watoto, hakuna mtu wa familia hii atakayekutoa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuletea maji na kuni, na wenzake wa kazi waliopita barabara ile mbaya ya Kabambare ili wamzike.

Salomon, mdogo wangu, nimesema mbele ya watu. Sasa upumzike kwa amani.