Bunduki Gani, Ya Nani: Bi Verna Koskela Anakabidhi Ufunguo

Jioni ya tarehe 30 Novemba, kaunta ikishafungwa, Bi Verna Koskela wa idara ya uwindaji atastaafu baada ya kulitumikia duka letu la Iron Bend kwa miaka thelathini na mmoja, miezi saba na siku nne. Hizo siku nne ameniamuru nisiziache. Kazi ya kuandika wasifu huu nimepewa mimi, Brent LaCosse wa uvuvi na kambi, kwa sababu kaunta yangu iko hatua sita kutoka yake na kwa sababu duka zima halina mwingine anayejua kutunga. Shule niliiacha mapema, nakiri, lakini maneno hayakuniacha.

Bi Verna aliajiriwa Aprili, idara ya viatu. Agosti ya mwaka uleule mzee wa kaunta ya risasi alianguka kwenye ngazi akavunjika mguu, na meneja wa zamani akamwambia Bi Verna, "Tushikie pale wiki mbili tu." Wiki mbili hizo zinaisha Jumamosi.

Jinsi mtu anavyonunua risasi dukani kwetu sina haja ya kuwaeleza, maana nyote mmeshatukanwa kwa ajili yake. Mteja anaziona risasi ndani ya kabati la vioo, karibu naye kama mkate mezani, ila kabati lina kufuli. Anabonyeza kengele. Sauti ya dari inatangaza kwa duka zima kwamba mteja anahitaji msaada idara ya uwindaji, na kila dakika inarudia, mpaka wanunuzi wa maziwa huko upande wa pili nao wanaanza kumhurumia. Mwenye ufunguo kwa zamu ni mmoja. Akiwa kwenye chakula, mteja naye yuko kwenye chakula, tofauti ni kwamba yeye hali.

Akipiga simu kwanza, ndiyo balaa zaidi. Oktoba mwaka juzi bwana mmoja alipiga kuuliza kama tuna risasi za thelathini-thelathini, zile za bunduki ya kulungu. Dawati la mbele likampeleka idara ya bustani, bustani ikampeleka duka la dawa, duka la dawa likampeleka kwangu, nami kwa heshima zote nikamrudisha dawati la mbele. Mtandao wetu ulimwambia kuna maboksi sita. Alipofika akakuta kibao cha bei na vumbi. Bi Verna alimsikiliza mpaka akamaliza matusi yote aliyokuwa nayo, kisha akamwambia, "Yalikuwepo sita baba, Jumanne. Kompyuta haijaambiwa kwamba Jumanne imepita."

Halafu kuna ile sheria ya maboksi matatu kwa kila mtu. Ikikaribia tarehe kumi na tano Novemba, siku ya kufunguliwa msimu wa kulungu, wanaume wa wilaya hii hugundua ghafla kwamba wanawapenda sana jamaa zao, wanakuja nao wote dukani. Mmoja alimleta mama mkwe wake wa miaka themanini na sita, kavikwa koti la rangi ya chungwa juu ya nguo ya kulalia. Bi Verna akamwuliza yule bibi, "Nawe unawinda?" Bibi akajibu, "Mimi nilidhani ninapelekwa kwa daktari." Alipewa maboksi yake matatu, na kiti.

Lakini kilichomfanya Bi Verna ajulikane kutoka hapa hadi ziwani si kengele wala maboksi. Ni maswali yake. Huwezi kupata hata risasi moja kwake kabla hujajibu matatu: Bunduki gani? Ya nani? Mtutuni kumeandikwa nini? Usipojua la tatu, anafunga kabati, anakwambia nenda nyumbani ukasome. Watu wanaendesha gari maili arobaini kwenye theluji, wanarudishwa maili arobaini kwenda kusoma chuma. Saa iliyo ukutani, ile makao makuu waliyoifunga kupima muda wa huduma, ilimhesabia wastani wa dakika kumi na moja kwa mteja. Lengo ni tatu. Kila mwaka alipata alama mbaya, na kila mwaka aliibandika karatasi ya alama ndani ya kabati, karibu na picha ya paka wake.

Mimi ni mtu wa kuchunguza mambo. Swali la kwanza nililielewa, na la tatu nililielewa. La pili ndilo lililoninyima raha kwa miaka minne. Ya nani? Yakuhusu nini bunduki ni ya nani, ilimradi pesa ni za mteja? Niliuliza duka zima. Wa nyama alisema Bi Verna ni mmbeya tu. Wa rangi alisema anatafuta mchumba mwenye mali. Nilimwuliza mwenyewe, akiwa anakula ule mkate wake wa nyama na viazi, akanijibu, "Brent, uzi wa kuvulia samaki ule pale umejifunga mafundo tangu Ijumaa." Nikaenda kufungua mafundo.

Sasa, Septemba ya mwaka huu barua ikashuka kutoka makao makuu. Bi Koskela akistaafu, ufunguo uhamie dawati la mbele, wanaporudishia vikaango vibovu, na kengele ijibiwe ndani ya sekunde tisini na yeyote aliye karibu. Maswali hayakutajwa, maana yalikuwa ya Bi Verna, hayamo kwenye kitabu chochote. Bi Verna aliisoma barua ile, akaikunja. Alikwenda ofisini kwa meneja wetu, Bwana Thibault, hakufunga mlango, kwa hiyo sikuwa nasikiliza, nilikuwa nasikia.

"Gary, ufunguo ubaki kaunta."

"Nipe mtu wa kukaa nao, Verna. Kazi ya kutukanwa kutwa nzima, nani anaitaka?"

"Nitampata."

"Umpate, umfundishe, utie sahihi kwamba anaweza. Kabla hujaondoka. Bila sahihi yako ufunguo unakwenda mbele, na mimi sina la kufanya."

Mtu wa kwanza kujitolea alikuwa mimi, na hili liandikwe. Bi Verna alinipa mtihani wa swali moja: risasi ya thelathini-thelathini na ya thelathini-sifuri-sita zina tofauti gani? Nikasema zote si thelathini? Aliniangalia kama mtu aliyefungua jokofu akakuta samaki wa mwezi uliopita. Mtihani ukaishia hapo.

Mtu wa pili alikuwa Delbert Niemi. Waliokuwepo siku ile wanakumbuka jinsi tulivyocheka, kwa kuwa Delbert ndiye adui mkubwa aliyewahi kupatikana katika kaunta ile. Dereva wa magogo mstaafu, sauti kama injini yenyewe, na katika miaka tisa aliandika barua kumi na nne za malalamiko dhidi ya Bi Verna. Ya kumi na nne aliiandika Oktoba mwaka jana akiwa kwenye maegesho yetu, hata gari hajawasha. Siku hiyo alitaka risasi za marisau, zile za njano, namba ishirini.

"Bunduki gani?" aliulizwa.

"Ya marisau! Unadhani nataka kupiga kwa kombeo?"

"Ya nani?"

"Ya marehemu kaka yangu. Nampa mjukuu wangu, Jumamosi anaanza kuwinda. Umefurahi?"

"Mtutuni kumeandikwa nini?"

"Ishirini! Kaka yangu alikuwa na za njano kwenye koti maisha yake yote!"

"Sikuuliza koti."

Akarudishwa. Akaandika barua yake. Saa mbili baadaye alirudi, kaishika kofia mkononi, na mimi nilidhani kuna mtu kafa. Kaka yake alikuwa na bunduki mbili. Za njano zilikuwa za ile aliyoiuza zamani. Hii iliyobaki ilikuwa ya namba kumi na mbili. Delbert aliandika barua ya kumi na tano, ya kuomba ya kumi na nne ifutwe, na makao makuu wakamjibu kwamba wanasikitika kwa usumbufu alioupata.

Kwenye fomu ya kazi, pale panapoulizwa uzoefu, Delbert aliandika: Hakuna aliyesimama kwenye foleni ile kunishinda. Bwana Thibault akamwajiri palepale.

Bi Verna alimfundisha wiki sita. Alimfundisha rangi, majina, uzito, na jinsi ya kuvumilia matusi bila kuyarudisha, somo hilo likiwa gumu kwa Delbert kuliko yote. Tarehe kumi na nne Novemba, usiku wa kuamkia msimu haujafika, foleni ilikuwa imefika kwenye matairi. Karatasi ya risiti ikaisha. Kengele ikalia mara sitini na tatu, nilihesabu. Delbert hakukosea boksi hata moja. Jioni Bwana Thibault akamletea Bi Verna fomu na kalamu.

"Bado," alisema Bi Verna.

"Bado nini? Hajakosea!"

"Wote wale alikuwa hawajui. Kumwuliza mtu usiyemjua ni rahisi."

Siku zikaenda. Tarehe kumi na tisa, bado. Makao makuu walituma fundi kupima pale mbele pa kutundikia ufunguo, na fundi akatoboa matundu mawili ukutani. Delbert aliyaangalia matundu yale, akafuta vioo vya kabati ambavyo alikuwa ameshavifuta.

Tarehe ishirini Bi Verna alikuwa na mapumziko. Saa tano asubuhi kengele ililia, nikainua macho, nikamwona yeye, kavaa koti lake jekundu la nyumbani, kasimama upande wa wateja. Nyuma yake walikuwepo watu wanne.

"Delbert, nipe boksi moja la ishirini, za njano. Nataka sungura. Na fanya haraka, gari nimeliacha linawaka."

Delbert alitoa ufunguo. Nami nikasema moyoni, nani atamwuliza Verna Koskela?

"Bunduki gani?" aliuliza Delbert.

"Delbert. Ni mimi."

"Nimekuona. Bunduki gani?"

"Ya marisau."

"Ya nani?"

"Ya kaka yangu, Ray. Kaiazima kwa jirani."

"Mtutuni kumeandikwa nini?"

"Sikumbuki. Ray kasema ishirini."

Mmoja wa wale wanne nyuma akasema, "Mzee, mpe mama wa watu boksi lake, miaka thelathini anauza hizo!" Mwingine akasema ataandika barua. Uso wa Delbert ulikuwa mwekundu kuliko koti la Bi Verna. Ile fomu ilikuwa haijatiwa sahihi, zimebaki siku kumi, na mtu wa kutia sahihi ndiye aliyesimama mbele yake anakunja midomo. Akarudisha ufunguo kiunoni.

"Nenda nyumbani ukasome," alisema. "Samahani, Verna. Anayefuata!"

Bi Verna aligeuka akatoka. Delbert akamhudumia anayefuata, kisha akaniambia pembeni, "Basi, nimeshafukuzwa." Nikamwambia ndiyo, nadhani umefukuzwa. Mimi si mtu wa kufariji watu.

Baada ya dakika tano Bi Verna akarudi. Hakuwa amekwenda nyumbani, alikuwa ndani ya gari. Aliiweka fomu juu ya kaunta, na sahihi yake ilikuwa imekwisha kauka.

Sikuweza kujizuia. "Mama Verna, na bunduki ya Ray je?"

"Haipo," alisema. "Ilipasuka."

Ndipo akatueleza, amesimama palepale upande wa wateja. Ilikuwa Novemba yake ya kwanza kwenye kaunta hii. Ray alikuja na haraka, gari linawaka, akataka za njano. Yeye hakumwuliza kitu, nani anamwuliza kaka yake? Bunduki ilikuwa ya jirani, ya namba kumi na mbili. Namba za marisau zikipanda risasi inakonda, kwa hiyo ile ya njano ilipita ikateleza ndani, ikakwama mtutuni pasipoonekana. Ray akadhani hajaweka kitu. Mfukoni alikuwa na moja ya kumi na mbili aliyopewa na jirani, akaiweka nyuma yake, akafyatua. Yu hai mpaka leo, na mkono wa kushoto una vidole viwili.

"Mtu bunduki yake anaijua," alisema Bi Verna. "Ya kuazima, ya kurithi, ya mjomba, hiyo ndiyo inayoua. Ndiyo maana nauliza ya nani." Kisha akamgeukia Delbert. "Na ndiyo maana nilitaka kuona kama utaniuliza mimi."

Delbert, mwenye barua kumi na tano, akaanza tena kufuta vioo vya kabati.

Kwa hiyo ufunguo unabaki kaunta, matundu ya fundi tumeyaziba kwa dawa ya meno, na miaka minne ya udadisi wangu imeisha, kwa aibu kidogo. Katika miaka yake thelathini na mmoja Bi Verna hakuwahi kupata ile tuzo ya mfanyakazi mwepesi. Nimepitia karatasi zake zote ndani ya kabati. Lakini nimeuliza pia wilaya nzima, maana ndivyo nilivyo, na tangu Novemba ile hakuna mtutu mwingine uliopasuka kwa risasi iliyotoka kwetu.

Bi Verna, tunakushukuru kwa kila dakika ya zile kumi na moja. Waliokutukana nao wanakushukuru, ingawa wengine hawajui. Upumzike vizuri, paka anenepe, Ray akuletee sungura kwa mtego. Maisha yako ya mbele yawe mema na marefu. Na siku ukija kununua risasi, bonyeza kengele, usubiri. Delbert atakuja. Jua tu bunduki ni ya nani.