Jani la Isale Ndani ya Gazeti

Mjukuu wangu, kilima kikigombewa na vijiji viwili, unadhani nani anakitawala?

Juzi kwenye gari la Kwa Sadala, mbele yangu alikaa Sirili, aliyerudi majuzi kwenye kihamba, shamba la ukoo, cha baba yake. Alifunga kwa gazeti jani la isale, lile tunaloombea msamaha, lakini ncha ilikuwa inachungulia. Akamwambia mama wa pembeni, "Kilima chetu ni cha kijiji cha chini. Wana mhuri."

Mama akacheka. "Cha chini wana mhuri, cha juu wana ramani, na sisi kamati ya mfereji tuna maji. Sasa nani anatawala, baba?"

Sirili akakohoa. "Na mtu akifungulia maji siku isiyo yake?"

"Tunamfungia. Yupo mmoja, migomba yake inakauka, na hajaleta hata jani," mama akasema, akilitazama lile gazeti.

Nikaacha kumenya chungwa langu.

Gari likasimama sokoni. Watu wote wakainuka, isipokuwa hao wawili. Sirili akafungua gazeti taratibu.

"Mama, huyo mmoja ni mimi. Nisameheni, mnifungulie maji."