Mama Nanyama, Aliyebeba Watoto wa Wenzake Kliniki

Kila asubuhi, kabla ya kuweka chai motoni, marehemu Mama Rael Nanyama alitoa nguo za watoto kwenye gunia, akazinusa moja moja, akazikunja upya. Hata zile ambazo hazikuguswa na mtu jana yake.

Alizaliwa tarehe 14 Aprili 1972 huko Matulo, karibu na Webuye, mtoto wa tatu wa Mzee Sifuna. Alisoma hapo hapo Matulo hadi darasa la saba, mwaka 1986, mama yake alipougua akabaki nyumbani kulea wadogo zake. Mwaka 1991 aliolewa na Mzee Walubengo, akaja Naitiri. Walijaliwa watoto watatu.

Kila Alhamisi alienda Kitale kununua mitumba ya watoto, akawauzia wajawazito wa hapa. Ndiyo maana walimzoea. Wakishajifungua, wiki ya sita, siku ya chanjo, walimletea mtoto: "Mama, si unipelekee huyu?" Walikuwa wanakwepa. Tangu wakiwa na mimba walifundishwa kliniki kwamba siku hiyo mama naye apimwe kansa ya mlango wa kizazi. Wengine walisema ati chuma cha kupimia kinaharibu kizazi, wengine ati bwana atadhani ulikuwa unazunguka na wanaume. Marehemu alibeba watoto wao, akidhani anasaidia. Yeye mwenyewe hakuwahi kupimwa.

Machi 2023 alitokwa damu, na hedhi ilikuwa imekwisha kitambo. Hospitalini Kitale akaambiwa ni kansa hiyo hiyo, na imeenea. Alirudi akakaa ndani siku mbili. Siku ya tatu akaanza kuzunguka nyumba zote alizowahi kubebea watoto. "Nilikukosea. Nenda upimwe." Nelima, mke wa mwanawe Wangila, alimfuata na mwavuli, akabaki akishangaa: mama mzima anaomba msamaha kwa wasichana, na kichwa kiko juu.

Katikati ya matibabu alikuwa akikaa na wajawazito kwenye benchi la kliniki. Siku moja mmoja wao akamuuliza:

"Mama, nikipimwa na hii mimba, mtoto hatatoka?"

"Muulize sista. Mimi ni wa kuuza soksi."

Lakini Nelima mwenyewe aliogopa. Alijifungua tarehe 22 Julai 2025. Siku ya chanjo ikafika, akanyoosha mikono na mtoto. "Mama, nibebee. Nina nguo za kufua."

"Nitambeba. Na wewe utanifuata nyuma."

"Na wakipata kitu?"

"Watakipata kikiwa kidogo. Changu kilipatikana kikubwa, na bado nimesimama hapa nakugombeza. Vaa viatu, bana."

Alikuwa amekonda sana. Alipumzika njiani mara nne, na mtoto hakumpa mtu. Nelima alipimwa. Alama ndogo ilionekana, ikatibiwa siku hiyo hiyo, kabla haijawa kansa. Alipotoka akampokea mama mkwe wake mtoto.

Marehemu amemwacha mumewe, Mzee Walubengo. Watoto wake Wangila, Matthew na Nasimiyu. Nelima na wajukuu wanne. Pia akina mama kumi na tisa aliowasindikiza kupimwa. Wengine wako hapa leo, na mimba zao.

Alifariki Kitale tarehe 9 Oktoba 2025. Siku mbili kabla, gari la hospitali lilisimama barabarani, vijana wakataka kumbeba. "Niacheni, miguu ninayo." Akafunga leso, akatembea kutoka mlangoni mpaka kwenye gari bila kushikwa. Hakurudi.

Mungu ampe pumziko jema, Mama yetu.