Diski Niliyoitia Alama Bila Kuijaribu

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Nimeandika ushuhuda huu kwa sababu nikisimama mbele za watu maneno hunikimbia. Usomeni polepole, kama nilivyouandika.

Mimi niliishia darasa la nane. Ninafanya kazi katika kiduka kimoja katikati ya jiji. Watu hutuletea video za simu ambazo deki zao za zamani haziwezi kucheza. Mimi huzigeuza ziwe za aina ya zamani, kisha huziweka kwenye diski. Mwisho lazima diski ijaribiwe kwenye deki kuukuu iliyo chini ya meza yetu, maana kompyuta hucheza kila kitu lakini deki huchagua. Ikicheza vizuri, tunaichora tiki.

Ndugu zangu, nilikuwa mfungwa wa woga! Niliogopa foleni. Niliogopa kuulizwa, "Bado?" Basi nikawa nachora tiki bila kujaribu. Mteja akirudi kulalamika, nilimwambia deki yake ni mbovu. Nilisema nikiangalia chini, na watu waliniamini kwa sababu ya upole wangu.

Ijumaa moja alikuja Mama Nekesa, anayeishi Woodley. Marehemu mumewe alikuwa akitunza bustani kule Karen, na siku moja alijirekodi kwa simu akimsalimu mama yake mzazi. Simu iliharibika, ikabaki kadi yake yenye ile video.

"Huyo mama yake, nyanya, haoni," aliniambia. "Simu ni kioo tupu, hawezi. Lakini deki anaijua na kidole. Anataka abonyeze mwenyewe, asikie kijana yake."

Niliihamisha ile video kutoka kwenye kadi hadi kwenye kompyuta, wala sikubakisha nakala. Nikaigeuza, nikachora tiki, nikampa diski na kadi tupu. Jioni stima ikapotea kabla ya kufunga. Nilinung'unika sana, maana nilishuka ngazi gizani.

Jumamosi asubuhi, stima ikiwa imerudi, Mama Nekesa akapiga simu. "Kijana, naona mdomo ya baba Nekesa ikitembea, lakini sauti hakuna. Nyanya anauliza kama tumewasha."

Bosi wangu alikuwa akisikia. Akaninong'oneza, "Mwambie deki yake imekufa. Kwani ni mara ya kwanza?"

Ulimi wangu ulikuwa tayari, ndugu zangu! Lakini akilini nilimwona yule nyanya amekaa mbele ya televisheni, akingoja. Nikaomba moyoni: Yesu, nifungue mdomo. Nikasema, "Mama, deki yako ni nzima. Mimi sikuijaribu diski. Na ile video niliitoa kwa kadi. Sijui kama bado iko hapa."

Akasema, "Hiyo ndiyo sauti yake peke yake tuko nayo."

Kila Ijumaa jioni bosi hufuta video zote ili kompyuta isijae. Nikamuuliza kama alikuwa amefuta.

"Ningefuta na nini? Si stima ilipotea?" akasema. "Wewe leo umeokoka ama umechanganyikiwa?"

Haleluya! Lile giza nililolinung'unikia ndilo lililoihifadhi sauti ya marehemu. Video ilikuwepo. Picha nilikuwa nimeigeuza vizuri, lakini sauti nilikuwa nimeiacha katika aina mpya ambayo deki haiijui. Nikaigeuza upya yote. Nikaivuta ile deki kutoka chini ya meza, nikaipangusa vumbi, nikasikiliza hadi mwisho. Foleni ilingoja. Hakuna aliyekufa.

Nilipeleka diski Woodley mwenyewe. Mama Nekesa hakunikaripia, alinionyesha tu mahali pa kukaa. Nyanya alipapasa deki, kidole kikakipata kitufe. Sauti ikatoka: "Mama, uko?"

Nyanya akainua uso. "Niko, mwanangu," akajibu. "Niko."

Ndugu zangu, namshukuru Mungu aliyenitoa kwenye woga. Tangu siku hiyo sijachora tiki ya uongo. Bado mimi ni mwoga wa watu, bado naangalia chini, lakini kweli naisema. Wewe uliyeficha kosa lako kwa sababu ya aibu, mwamini Yesu leo, uliseme. Kuna mtu amekaa mahali anangoja kusikia.