Magongo ya Alfonce

Basi la Musoma lilikuwa halijafika Bunda, na Dorotea wa Bukima alikuwa bado anamsimulia jirani yake, fundi redio aliyepakata magongo, mkanda aliouona kwenye banda la video. "Kaka, nililia! Yule kilema anavyoombaomba! Mwisho anaombewa, anatupa magongo, anatembea. Watu wanapigaga makofi pale!"

"Magongo yenyewe haya," alisema Alfonce, akimwonyesha waya uliofungwa kwenye moja. "Hili lilipasuka lilipotupwa."

"Kumbe ni wewe?"

"Mimi wenye mkanda walinikataa. Eti nimechomekea shati, nacheka, sifanani na kilema. Wakamchukua mcheza mpira, wakaazima magongo yangu siku nne. Chooni nilikuwa naenda kwa kutambaa."

"Lakini si walitaka watu tuwe na huruma?"

"Huruma yenu mlimpa mcheza mpira."

Basi likasimama Bunda. Dorotea, ambaye huruma yake ilikuwa haijapata pa kwenda, alimnyooshea mkono amshushe.

"Mkono niachie," alisema Alfonce, akishika vyuma vya mlango. "Nishikie magongo. Yakidondoka, dada, usipige makofi."