Kavuo Shekinah na Nyumba ya Kando ya Barabara

Abbé, padri wetu, wazazi, majirani wa kilimani na wa barabarani, nanyi motards mliojaa hapa nje na pikipiki zenu, mimi ni Mathe, baba mdogo wa mtoto huyu, familia imenituma nisome maisha yake, na ninaomba mnivumilie, kwa sababu mpango wa kusoma maisha tunaoufuata siku zote ni wa watu wazima, na leo tunazika mtoto wa miaka tisa, tena kuna mahali humu ambapo ninasoma na mimi mwenyewe sielewi.

Kavuo Shekinah alizaliwa hapa Butembo tarehe 11 Februari 2016, mtoto wa mwisho wa kaka yangu Siméon Lusenge, motard mnayemjua wote, na mke wake Emérence Katungu, muuza sombe, majani ya muhogo, katika nyumba ya juu kilimani ambako gari halifiki, akabatizwa Pasaka ya mwaka uleule, akakua vizuri, mnene, mwenye kelele. Mwaka 2020 Siméon alipata pikipiki yake mwenyewe, na kwa kuogopa wezi ikawa inalala ndani, pale salon, karibu na kitanda cha watoto, kama zinavyolala pikipiki za wengi wenu.

Kikohozi kilianza mwaka 2021, na mwezi wa kumi pumzi ilimkatika siku ya mvua kubwa, njia ya kilima ikawa tope tupu, pikipiki haikuweza kushuka, Siméon akambeba mgongoni hadi hospitali, na waganga wakasema kwamba angechelewa kidogo tungempoteza. Kwa hiyo familia ilikaa, tukakubaliana wote, hakuna aliyepinga, kwamba mtoto huyu akae karibu na barabara kubwa, na tarehe 5 Januari 2022 wakahamia ile nyumba ya kwenye mpando, pale malori yanapopanda polepole yakinguruma na kutoa moshi mweusi hadi ndani ya sufuria.

Alianza shule ya msingi Septemba 2022, alipenda hesabu, hakupenda kuamka, na alikosa masomo mara nyingi kwa sababu ya kifua. Januari 2024 alipelekwa Kyavinyonge kwa bibi yake, mama yetu Solange, akakaa huko hadi Agosti, akala samaki, akakimbia kando ya ziwa na watoto wa wavuvi, na kikohozi kikapotea kabisa. Sisi tukasema, basi ni baridi ya Butembo inayomwua, kule kuna joto. Aliporudi, mama yake alimvika pull mbili za sufu, tukaziba madirisha kwa vitambaa, na asubuhi Siméon alikuwa anapasha moto injini humo humo ndani, mlango umefungwa, ili baridi isimguse mtoto.

Kuhusu kazi, alikuwa na moja, kila jioni alisugua pikipiki ya baba yake hadi ing'ae. Asubuhi, injini ikiwaka, alikuwa anasema, "Papa, zima kwanza," na sisi tulikuwa tunacheka, tukidhani anataka kulala bado. Kuhusu ndoa na watoto, sina cha kusoma.

Aprili mwaka huu wa 2025, Docteur Apollinaire alituambia kwamba ugonjwa huu ni asthme, yaani pumu, akampa pompe ya kuvuta dawa, na badala ya kuuliza habari za baridi akauliza habari za barabara, za pikipiki, za madirisha. Alisema, "Moshi ya magari na ya pikipiki ndiyo inamufunga pumuzi, mumutoshe pale." Siméon akamjibu, "Mais docteur, ile barabara ndiyo inatufikishaka kwako." Tuliporudi nyumbani wengine walisema ni sumu, kuna mtu amemlisha, Emérence akakataza neno hilo nyumbani mwake, na tulikuwa bado tunajadiliana tumpeleke wapi.

Jumanne tarehe 3 Juni, Fuso moja liliharibika katikati ya mpando, malori yakapanga mstari nyuma yake yakiunguruma tangu asubuhi mbele ya mlango, na saa sita pumzi ikamkatika, pompe ikapulizwa bila kusaidia. Siméon alifika upesi, akampakia kati yake na mama yake, akapita katikati ya malori yale, na hatujawahi kufika hospitali haraka hivyo. Walimpokea mlangoni, akakata roho saa saba.

Mimi nimechanganyikiwa, ndugu zangu, na sioni haya kusema. Tulimkimbiza kwenye barabara ili apone, tukamfungia madirisha ili apone, pikipiki ilimlisha na kumsomesha, na sasa tunaambiwa hayo ndiyo yaliyomwua. Tangu juzi Siméon anaizunguka pikipiki yake bila kuigusa.

Ameacha wazazi, kaka na dada zake, na bibi yake aliyefika jana kutoka Kyavinyonge. Tunamshukuru Docteur Apollinaire na wauguzi wake, mwalimu Elsa na darasa lake, majirani walioleta kuni na unga, nanyi motards, mlioomba kumsindikiza kwa injini na honi kama mnavyomsindikiza mtu wenu.

Tunakubali mumsindikize, na tunawaomba jambo moja, msiwashe. Zisukumeni kwa mikono hadi makaburini, tunajua njia inapanda, mtu akichoka apumzike kisha aendelee. Siméon atatangulia, ameshashika usukani wa pikipiki yake pale nje.

Kavuo, mwana wetu, papa amezima, lala sasa kwa amani.