Vigae vya Katani Mbele ya Mhandisi

Mgeni rasmi, Mhandisi Mkuu wa Majengo, karibu karakanani kwetu. Utuwie radhi kwa vumbi la saruji. Tumelifagia tangu asubuhi, lakini halisikii.

Tulikotoka

Tulianza mafundi wanane, tukichanganya saruji, mchanga na nyuzi za katani kutengeneza vigae vya kuezekea. Kazi yetu ya kwanza ilikuwa wodi ya wazazi. Masika ya kwanza yalipita salama. Ya pili, maji yalidondokea kitanda alicholala mdogo wa kiongozi wetu, Bi Koleo, pamoja na kichanga chake cha siku mbili.

Bi Koleo hakumtafuta wa kumsingizia. Alipanda ngazi, akashusha kigae, akakivunja gotini. Nyuzi zilikatika kama majani makavu.

"Dada, turudishieni mabati tu," mdogo wake alimwambia.

"Mabati mtapata leo. Mimi nipe mwaka mmoja."

Tulivishusha vyote wenyewe, watu wakitutazama. Kati yetu hakuna aliyeinua uso.

Tulichofanya

Mwaka ulizaa mitatu. Tuligundua kuwa katani hunywa maji, huvimba na kupasua kigae, kisha ukali wa saruji huila taratibu. Siku hizi nyuzi tunazichemsha na kuzikata fupi, na sehemu ya saruji tumeibadilisha kwa majivu laini ya pumba za mpunga. Kigae hukaa ndani ya maji wiki tatu kikomae. Halafu tunatuamisha maji juu yake usiku na mchana. Chini pakitoka tone, tunakiponda.

Paa la kwanza lilikuwa la jiko la Bi Koleo. La pili aliliomba mdogo wake, huyu anayekusomea risala hii. Masika manne sasa, watoto wanalala pakavu.

Kinachotukwamisha

Ofisi yako imekataza vigae vyetu kwenye majengo ya umma. Hatukulaumu, sababu tulikupa sisi. Ila tumeandika barua tano kuomba kupimwa, na jibu ni lile lile: "Rejeeni tukio la wodi." Tumelirejea kila siku, mheshimiwa. Ndilo lililotufundisha kazi.

Ombi letu

Hatuombi upendeleo. Chagua vigae kumi kwa mkono wako, vipimwe maabara, na majibu yabandikwe mlangoni kwetu hata yakiwa machungu. Vikishindwa, hutapata barua ya sita. Vikifaulu, tupe paa moja la umma, hata la choo cha sokoni.

Sanduku la kubebea vigae hivyo kumi tumeliweka kando ya gari lako. Tafadhali usiondoke likiwa tupu.

Mungu akujalie afya, na akufikishe nyumbani salama.

Ni sisi,
Kikundi cha Mafundi Vigae Tusichoke